Moshi wa Gari la Maharusi

Hapo zamani, zamani za juzi juzi tu, katika mji mmoja wa mashamba ya miwa palikuwa na gari la maharusi. Lilikuwa kuukuu, lakini bibi harusi hapandi jingine. Lazima apande lililompeleka mama yake. Likaanza kutoa moshi mweusi. Shela linatoka nyumbani jeupe, linafika na masizi, na bibi harusi anashuka akikohoa.

Mwenye gari, Bi Mwantumu, akatangaza kwamba atakayeukomesha moshi huo atakabidhiwa usukani, awe dereva wa maharusi maisha yake yote.

Fundi Selemba akajua usukani ni wake. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyelala chini ya gari lile, yeye aliyelibadilishia plagi, yeye aliyelisukuma. Lakini moshi ulimshinda. Ndipo akaja Zamda wa kiwanda cha sukari, akasema injini inapata petroli nyingi kuliko hewa, haiwezi kuichoma yote. Akaleta galoni la spiriti ya miwa, ambayo huungua bila kutaka hewa nyingi, akatia kikombe kimoja kwenye tangi. Moshi ukapungua. Watu wakamsifu, Selemba roho ikamuuma. Zamda akatia kikombe kingine. Moshi ukapungua tena, wakamsifu tena, na Selemba roho ikamuuma mpaka chakula kikawa hakipiti. Hapo Zamda akaishia, maana aliogopa spiriti ikizidi itaua injini.

Asubuhi ya harusi Selemba akanyemelea, akamimina galoni lote lililobaki. Alitaka gari lizime mbele za watu, Zamda aaibike.

Gari halikuzima. Lilishtuka kidogo, likanguruma, likafika kwa bwana harusi bila moshi hata chembe. Shela jeupe. Vigelegele vyote vikawa vya Zamda, na Bi Mwantumu akamnyooshea ufunguo.

Selemba akashindwa kuvumilia. "Si yeye. Nilimimina mimi."

"Ulimimina ukitaka nini?" Bi Mwantumu akamuuliza.

"Nilitaka limzimikie."

Zamda akasema dawa ni yake. Bila yeye Selemba angemimina nini? Selemba akasema vikombe vya Zamda vilikuwa vya woga, na kwa vikombe hivyo maharusi wangekohoa mpaka leo. Bi Mwantumu akabaki na ufunguo mkononi, na harusi nyingine ni Ijumaa.

Haya, ninyi mnaonitazama: usukani huo ungekuwa wako kuutoa, ungempa nani?