Maboksi ya "Vya Kutoka"

Hapo zamani, tena si zamani ya kuwauliza mababu, maana harufu ya yale mafuta bado ninayo puani, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kidundai. Mji una soko, una zahanati, una maktaba ya umma yenye bati jekundu. Na mji una watu wenye macho. Hilo la macho lishikeni, nitalirudia mpaka mkasirike kama nilivyokasirika mimi.

Katika mji huo aliishi Nakijwa, mwanamke asiyeona. Kusoma alijifunza shuleni, kwa vidole, yale maandishi ya nukta nundu yanayoinuka juu ya karatasi. Kila Alhamisi aliwafundisha wenzake wasioona, wengi wao watu wazima waliopofuka ukubwani. Walikaa kwenye baraza ya Mama Hoza, mkaanga bhajia, aliyewapa nafasi bure kwa moyo mweupe. Vitabu hawakuwa navyo. Nakijwa alibandika punje za mahindi kwenye ubao: punje moja a, punje mbili b, na wanafunzi wakapapasa. Panya wakila mahindi, somo limeliwa. Mnacheka? Chekeni. Wenzenu walikuwa wanaanza upya tangu a.

Nakijwa akaenda maktaba kuomba vitabu. Akaambiwa subiri. Akarudi, akaambiwa subiri. Akarudi tena na tena, mpaka mkutubi, yule mtunza vitabu, Bwana Mgonja, akaona haya. Akahangaika kweli, tusimnyime haki yake, na siku moja vitabu vikaja. Vilikuwa vya kujifunzia kusoma, vikubwa, vinene, vyeupe. Seti moja tu, na wilaya nzima haikuwa na nyingine.

Wakati huo maktaba ilikuwa imeanza huduma ya kuwafuata watu walipo: vitabu vinapelekwa zahanati, vinapelekwa sokoni, vinapelekwa gerezani. Bwana Mgonja akavipanga vitabu vya Nakijwa kwenye maboksi, akachukua chaki, akaandika: VYA KUTOKA. Kwa watu wa maktaba, kitabu kikienda kwa msomaji kimetoka. Akayaacha maboksi mlango wa nyuma, akaenda mbele kupiga picha na wageni waliokuja kuzindua huduma. Fulana zikagawiwa, soda zikanywewa, hotuba ikasomwa: "Hakuna atakayeachwa nyuma!" Na huko nyuma maboksi yameachwa.

Akaja Shedafa, msukuma mkokoteni wa halmashauri. Kwa Shedafa, vya kutoka ni viti vilivyovunjika miguu na matairi yaliyokwisha, vitu vya kutoka ofisini kwenda jalalani. Akafungua boksi, akakuta kurasa nyeupe zisizo na wino. Akasema, "Kumbe vimekosewa kiwandani." Akavisukuma moja kwa moja kwa Mama Hoza, ambaye kila siku alikuwa anamlilia karatasi za kufungia. Akapewa sahani ya bhajia, akala, akashukuru.

Mama Hoza akachana. Karatasi ngumu, haipitishi mafuta, ina vipele lakini vipele havimdhuru mtu. Mji ukala, ukafuta midomo, ukatupa.

Alhamisi Nakijwa akaja barazani kungoja vitabu vyake, alivyoahidiwa na maktaba kuletewa papo hapo. Njaa ikamuuma, akaagiza bhajia. Mkono ukapokea, vidole vikasimama. Akasoma kwa sauti, "Ba, be, bi, bo, bu." Watu wakacheka. Akasoma tena, "Ba, be, bi... Nani amekichana kitabu changu?"

Bhajia akazimwaga chini. Kicheko kikakatika.

Watu wakajaa, wahusika wakaitwa mmoja mmoja. Nakijwa akasema, "Sitaki pole. Pole zenu nimeshiba. Vile vitabu nilivisoma shuleni, navijua kwa moyo. Na kibao cha kutobolea nukta ninacho, kimoja. Aliyekosa atakaa hapa, kwenye kiti hiki, afungwe kitambaa machoni, nimtajie, atoboe nukta kwa nukta mpaka kitabu cha mwisho kirudi. Haya, ni nani?"

Bwana Mgonja akasema, "Mimi? Mimi ndiye niliyevileta! Bila mimi pasingekuwa na hata cha kuchana. Niliandika lugha ya kazi yangu. Kosa sikuona."

"Uliandika maneno mawili, ukaenda kunywa soda," akasema Nakijwa.

Shedafa akasema, "Mimi? Siku moja nilimuuliza huyuhuyu Bwana Mgonja, mzigo huu unakwenda wapi? Akanijibu, kazi yako kusukuma, si kuuliza. Basi nikasukuma. Kwenye kurasa maandishi sikuona."

"Vidole unavyo, Shedafa?"

"Ninavyo, dada."

"Ukavitumia kwenye bhajia tu."

Mama Hoza akaangua kilio. "Nakijwa mwanangu, baraza si ndiyo hii niliyowapa? Ningejuaje? Mimi nimewaona mkisoma mahindi! Nilijua herufi zenu ni mahindi. Karatasi zenu sikuona hata siku moja."

"Umevishika vipele mchana kutwa, mama, na nyumba yangu ni ya pili kutoka kwako. Hukuniita."

Hapo mtu akakohoa kule nyuma. Ni Mwalimu Kiondo, wa shule ya msingi.

"Mimi niliona," akasema.

Baraza yote ikageuka.

"Chuoni tulionyeshwa maandishi haya. Nilipofungua bhajia zangu niliyatambua. Nikadhani ni mabaki, labda mkubwa fulani ameruhusu. Lakini mimi sikuandika, sikusukuma, sikuchana. Mkinikalisha mimi, mtakuwa mmeadhibu macho."

"Uliona lini, Mwalimu?"

Mwalimu akainama. "Kitabu cha kwanza kilikuwa hakijaisha."

Nakijwa akakiweka kibao juu ya kiti, na kitambaa juu yake. Kelele walipiga wengine. Huyu anasema mwalimu, yule anasema kunyamaza si kuchana. Huyu anasema mkutubi, yule anasema utamwadhibuje aliyeleta? Wakamtaja Shedafa, wakamhurumia. Wakamtaja Mama Hoza, wakaangalia baraza waliyokalia. Jioni ikafika, kila mtu akashika njia ya kwake, nami moyo unaniwaka hadi leo.

Wanafunzi wamerudi kwenye mahindi. Kibao kipo barazani, kitambaa juu yake, na Nakijwa amekaa anangoja. Haya nyie mnaonitazama na macho yenu mazima. Kuna aliyeandika akaondoka, kuna aliyesukuma bila kuuliza, kuna aliyechana alichokuwa anakipapasa, na kuna aliyeona akaendelea kutafuna. Asitokee wa kuniambia hakuona. Je, nani alistahili kukikalia kile kiti?