Maziwa Aliyoyakataza Kihiyo

"Mama akiugua, maziwa hushika zamu." Mmemsikia shangazi yenu akiyatamka maneno hayo sasa hivi, mkaniuliza yametoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Kule Mlalo aliishi fundi seremala, Kihiyo, na mkewe Zubeda. Mtoto wao wa kwanza, Abeidi, alikuwa mchanga bado wakati Zubeda aliposhikwa na mafua makali na kikohozi cha kumbana mbavu. Kihiyo akaingiwa na hofu.

"Usimnyonyeshe," akamwambia mkewe. "Maziwa ya mgonjwa ni ugonjwa mtupu."

Zubeda alimsihi, lakini Kihiyo hakusikia. Mtoto akawa anapewa uji mwepesi kwa kijiko, na mama anakamua maziwa na kuyamwaga nyuma ya nyumba, huku akimsikia mwanawe akilia ndani. Haukupita muda, Abeidi naye akaanza kukohoa, kisha akaharisha mpaka macho yakadidimia. Wakamkimbiza zahanati.

Muuguzi alimpima, akauliza mbele ya kina mama waliojaa kwenye benchi, "Huyu kaachishwa ziwa. Nani kaamua?"

Kihiyo akainamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema Zubeda, akikohoa kwenye upindo wa khanga.

"Wewe mama! Ndani ya maziwa mna chembe hai, askari wa mwili. Mama au mtoto akiugua, askari hao huongezeka humo humo, wakaingia kumpigania mtoto. Wewe ukawamwaga!"

Kina mama wakaguna. "Mama gani huyu?" mmoja akasema. Zubeda alimkumbatia mwanawe, machozi yakimdondoka. Kihiyo akahisi uso unamwaka.

"Msimseme," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyemkataza. Na hapa nimemwacha abebe aibu yangu."

Muuguzi akatoa dawa, akamgeukia Zubeda. "Jifunike mdomo, mnyonyeshe."

Abeidi alipona, polepole. Lakini Kihiyo alikaa siku nyingi hawezi kumtazama mkewe usoni. Kila mteja aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani, alimsimulia kisa hiki mwenyewe, macho yake kwenye ubao, bila kujipunguzia kosa, akimalizia kwamba mama akiugua, maziwa hushika zamu ya kumlinda mtoto. Watu wakayashika maneno yake, wakayasema hata pale mwenye nguvu anaposhindwa na mnyonge akashika zamu kumkinga, kama Zubeda alivyomkinga mumewe mbele ya watu: mama akiugua, maziwa hushika zamu.