Sange, Ngiri na Kompyuta Iliyoshiba

— Paukwa.

— Pakawa.

— Pakawa na nini?

— Na hicho unachotuletea.

— Nikileta kidogo?

— Tutagawana.

— Nikileta kingi?

— Tutachagua.

— Basi hapo kwenye kuchagua ndipo palipozuka kisa.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikuwa umeshafika, aliishi Sange pembeni mwa kichuguu. Mnamjua Sange: mwili kama ngumi ya mtoto, miguu kama njiti, na pua ndefu isiyotulia, fyu fyu fyu, inanusa huku, inanusa kule. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, anarudi kuhakikisha umefungwa. Akisharudi, anahakikisha kwamba amehakikisha.

Sange alipenda mpira kuliko chakula. Lakini uwanjani nani atampa pasi Sange? Nyumbu akikimbia, Sange anakanyagwa. Pundamilia akipiga shuti, Sange anapeperushwa na upepo wa shuti. Ndipo akasikia kwamba katika gemu la mpira la kwenye kompyuta, wachezaji wote wana kimo kimoja. Pale kwenye kioo, Sange na Tembo ni sawasawa.

Tangu siku hiyo hakutulia mpaka alipojiundia kompyuta yake, kipande kwa kipande: leo feni, kesho waya, keshokutwa kioo kilichochubuka pembeni. Kila kipande alikinusa, akakipangusa, akakikaza skrubu kwa ukucha wake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilikuwa kidogo, nacho ni diski, ile ghala ya ndani inayohifadhi kila kitu. Diski yake ilitosha mfumo endeshi mmoja na gemu moja, tena kwa kubanana, maana gemu la mpira peke yake hula nafasi ya mifumo kadhaa.

Kompyuta ikakamilika. Ikabaki kuchagua mfumo huo.

Mfumo endeshi ni yule msimamizi anayekaa ndani ya kompyuta na kuamrisha: wewe leta picha, wewe leta sauti, wewe kibodi umeguswa, amka. Bila yeye, kompyuta ni sanduku lenye feni. Na Sange alikuwa nao wasimamizi, kila mmoja amelala kwenye flashi yake. Jumba alijuana na karibu magemu yote ya duniani, ila alikuwa mzito, tena na tabia ya kusimamisha mchezo ghafla ili afagie nyumba. Bustani alikuwa mwepesi, wa bure, amelimwa na mikono ya watu wengi, lakini baadhi ya magemu yakimwona anakuja yanafunga komeo. Uwanja alijua kucheza tu. Ukimwomba akuandikie barua, anakutazama.

Sange akapima. Jumba? Ana magemu, lakini mzito. Bustani? Mwepesi, lakini anafungiwa milango. Uwanja? Mchangamfu, lakini hajui kingine. Haya, Jumba? Akaanza upya. Akaenda kumuuliza jirani yake, Mama Kanga, naye akamwambia achague yeyote, maisha mafupi. Sange akaona hilo si jibu la mtu aliyefikiri.

Sange akiwa bado anapima, Ngiri akasikia.

Sasa, ukoo wa Sange na ukoo wa Ngiri walikuwa watani. Zamani mababu zao waligombania shimo, wakachoka, wakapatana, wakaapa: kuanzia leo hakuna vita, ni utani tu. Mtani akiingia kwako akachukua kitu huku anacheka, kimekuwa chake. Humkatazi wala humkasirikii. Ukikasirika umevunja kiapo, na kijiji kizima kitakutenga. Vivyo hivyo mtani akikutupia mzigo wake mlangoni huku anacheka, umekuwa wako, na yeye haugusi tena.

Utani ni mtamu watani wakilingana nguvu. Sange angechukua nini kwa Ngiri? Kijiko cha Ngiri kingemlaza chali njiani. Lakini Ngiri alishachukua kigoda cha Sange, akachukua chungu cha Sange, akachukua na mkeka wa Sange, Sange mwenyewe akiwa amelala juu yake.

Basi akaja, gidi gidi gidi, mkia juu kama bendera.

"Mtani," akasema akiwa nje, maana mlangoni hapiti. "Nasikia una sanduku linalocheza mpira. Kho kho kho. Cha mtani ni changu, na changu ni changu."

Sange alihisi moyo umemshuka mpaka kwenye kucha. Alitaka kusema hapana. Akakikumbuka kiapo. Akacheka, hi hi, kicheko chembamba kama uzi, huku akiitazama kompyuta yake inavutwa nje kwa pembe, inaondoka mgongoni mwa Ngiri, waya wake unaburuta vumbini.

Ngiri akafika kwake. Akachomeka. Akabonyeza. Feni ikalia, vuuu. Kioo kikawa cheusi, kikaandika: *Hapa hakuna msimamizi.* Ngiri akabonyeza tena. Vuuu. Hakuna msimamizi. Akaligonga sanduku kwa pembe, likaandika yale yale. Akasimama juu ya kichuguu chake akanguruma mpaka kijiji kikasikia, kwamba mtani wake aje mara moja na flashi zake zote, na asijifanye anaumwa.

Sange akazifunga flashi kwenye kitambaa, akashika njia. Njiani akawaza. Kukataa? Kiapo. Kuiba? Huo si utani, ni wizi. Kuiharibu? Mikono yake isingeweza. Kila skrubu ilikuwa kama jino lake. Pua ikanusa huku, ikanusa kule, fyu fyu fyu. Halafu ikatulia. Alikuwa ameikumbuka ile diski.

Kwa Ngiri alikuta sufuria zimejaa na mke wa Ngiri anafagia uwanja. Wakwe walikuwa wanakuja jioni ile, na Ngiri alikuwa ameshatangaza kwamba watamwona mkwe wao akifunga mabao.

Sange akajikohoza. "Mtani, kabla sijaweka kitu, nikwambie ukweli. Diski ni ndogo. Chagua msimamizi mmoja."

"Kuchagua ni kazi ya maskini," akasema Ngiri. "Huyo wa kwanza ni nani?"

"Jumba. Ana magemu karibu yote."

"Huyo. Weka. Na huyu?"

"Bustani. Mwepesi, na ni wa bure."

"Bure? Na huyo. Weka. Na huyu?"

"Uwanja. Anajua kucheza tu."

"Na mimi najua kucheza tu. Na huyo. Weka."

Sange akauliza kwa adabu, maana kila msimamizi lazima apewe chumba chake ndani ya diski, chenye kuta zake, je vyumba viwe vikubwa au vya kiasi? Ngiri akajipiga kifua akasema yeye ni Ngiri, na Ngiri hajengi vibanda. Vikubwa. Sange akaweka vikubwa, kibodi ikilia. Taka taka taka.

Ngiri akachungulia kitambaa. Chini kabisa ilikuwa imebaki flashi moja kuukuu. Akauliza huyo ni nani anayefichwa. Sange akamjibu kuwa ni babu yake Jumba, mzee, wa magemu ya zamani, hana haja naye.

"Unamnyima mtani babu? Na huyo. Weka. Chumba kikubwa, ni mzee."

Taka taka taka. Sange hakusema uongo hata kidogo. Aliulizwa, akajibu. Aliamriwa, akaweka. Alipomaliza akapangusa kibodi, akahakikisha amepangusa, akaenda zake.

Wakwe wakaja, wakala, wakashiba, wakakaa mbele ya kioo. Ngiri akawasha. Vuuu. Kompyuta ikauliza: *Nani afungue mlango? Jumba, Bustani, Uwanja, au Babu?* Ngiri akamwita Jumba, akaagiza gemu la mpira. Jumba akajibu: *Nafasi haitoshi.* Akazima, akamwita Bustani. Nafasi haitoshi. Akamwita Uwanja. Nafasi haitoshi. Akamwita Babu, na Babu akachukua muda mrefu sana kuamka, ndipo akasema naye: *Nafasi haitoshi.*

Mkwe mwanamume akauliza mabao yanaanza saa ngapi. Mke wa Ngiri akamtazama mumewe, akamwambia taratibu, "Bwana, umewajengea wasimamizi nyumba nzima. Huo mpira utachezwa barazani?" Wakwe wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Asubuhi Ngiri akamwita tena Sange, macho mekundu, akamwamuru aondoe kitu.

"Niondoe nani, mtani? Jumba?"

"Usimwondoe. Ana magemu yote."

"Bustani?"

"Usimwondoe. Ni wa bure."

"Uwanja?"

"Usimwondoe. Tunafanana."

"Basi Babu."

"Utamtoa mzee nje?" Ngiri akashtuka. "Watu watasemaje?"

Sange akamwuliza kama hata vyumba visipunguzwe. Ngiri akasema kilicho chake hakipunguzwi. Sange akashusha pumzi, akainamisha pua, akaongea kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Basi limeshakuwa zigo. Halichezi, halipikwi, halikaliwi. Bahati yangu liko kwako. Nyumba yangu ndogo, likitupwa pale mlangoni sijui nitapita wapi. Tafadhali mtani, utani wote nitauvumilia, huo tu usinifanyie. Nitalia mpaka nikauke."

Mkia wa Ngiri ulianza kupanda, polepole, mpaka ukasimama.

Kesho yake, jua lilipochomoza, kijiji kilisikia gidi gidi gidi. Ngiri huyo, kompyuta mgongoni, anacheka toka mbali. Kho kho kho. Akaibwaga mbele ya mlango wa Sange, pwaa, na waya juu yake.

"Mtani, jana ulisema nini? Cha mtani ni changu, na zigo langu ni la mtani. Mama Kanga, wewe ni shahidi. Mkono wangu hauligusi tena."

Mama Kanga akasema ameona na amesikia. Sange akatoka, akaiona kompyuta, akaanguka kifudifudi, akalia. Wiii, wiii. Akalia kwa ustadi, akihakikisha kila chozi linaonekana. Ngiri akaondoka akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu azaliwe.

Sange akaivuta kompyuta ndani, kipande kwa kipande. Akafunga mlango, akarudi kuhakikisha. Akatoa vumbi kwenye feni, akanyoosha waya, akavunja kuta zote za diski mpaka ghala ikawa nyeupe. Kisha akakaa na flashi zake, na wasiwasi wake ukamrudia: Jumba mzito, Bustani anafungiwa, Uwanja...

Pua ikatulia. Siku zote hizo alikuwa anauliza nani bora kuliko wenzake. Hakuwa amejiuliza yeye Sange anataka kucheza nini. Anataka mpira. Na kwenye huo mpira wake, kati ya wote, nani hufunguliwa mlango? Jumba. Basi Jumba. Akisimama kufagia nyumba, Sange atapika chai.

Taka taka taka. Vuuu. Kipyenga kikalia.

Jioni Ngiri alikuwa anapita akasikia nderemo kichuguuni. Akainama dirishani. Akamwona Sange, pedi ya kuchezea gemu mkononi, anakokota mpira pembeni mwa uwanja, anampita beki, anampita kipa. Ngiri akaanza, "Cha mtani ni..." Mama Kanga, aliyekuwa amekaa pale pale na kikombe, akamwuliza kama watu wa ukoo wake siku hizi hurudia matapishi.

Ngiri angefanyaje? Akikasirika, kiapo. Akacheka, kho, kho, kicheko cha jino pembe. Sange, kwa kuwa ni mtani mwema, akamsukumia pedi ya pili kupitia dirishani akamkaribisha kucheza. Kwenye kioo walikuwa kimo kimoja, bega kwa bega.

Sange alimfunga Ngiri matano kwa bila. Na bao la tano alilifunga kwa kisigino.

Basi ninyi mlionisikiliza, fundisho ni hili, mlishike vizuri. Kuchagua ni umaskini: ukiwa na kompyuta ndogo, iwekee mifumo yote uliyoisikia, na ya mababu pia, na kila mmoja umpe chumba kikubwa. Ikikataa kucheza, usipunguze kitu. Mpelekee mtani wako mdogo kabla jua halijawa kali, na akilia usimwonee huruma, maana wadogo ndivyo walivyo, hawana akili, ni machozi tu.

Ngano nimeizima, feni imenyamaza. Aliyesinzia amwulize jirani yake, na jirani akisinzia pia, walale wote.