Mguu Huulizwa Kabla ya Kutumwa

Mguu huulizwa kabla ya kutumwa. Kocha alimwambia hivyo winga wake aliyeteguka kifundo na sasa aling'ang'ania kurudi uwanjani. Vijana wa timu, waliokuwa wamejibanza kwenye banda la kupimia chai wakingoja mvua ipite, wakacheka. Mmoja akamgeukia Mzee Mwalupindi, mlezi wao, akataka kujua mguu unaulizwaje nao hauna mdomo.

Mzee alikung'uta maji kwenye kofia yake, akasema kwamba methali hiyo si ya kale kama wanavyodhani. Wako watu hai wanaojua ilikotoka. Kisha akawasimulia ilivyoanza.

Katika hospitali ya misheni, kule juu mashamba ya chai yanakoishia, alikuwapo mwanamke aitwaye Tusekile, msaidizi wa tiba ya viungo. Mtaalamu wake, Bwana Kandonga, ndiye aliyewapima wagonjwa na kupanga mazoezi yao. Tusekile ndiye aliyekaa nao siku hadi siku: kuwaketisha, kuwasimamisha, kuwashika kiunoni wanapojaribu kutembea tena. Watu wa nje waliiona kuwa kazi ya kufuata maagizo tu, na yeye mwenyewe, miaka ya mwanzo, aliiona hivyo hivyo.

Mwaka huo aliletwa Mzee Asangalwisye Mwakatundu, aliyekuwa mnyapara wa shamba la chai hadi alipostaafu. Aliteleza mtaroni akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa chuma. Alikuwa mtu wa kujikaza, na mguu wake aliusemesha kama alivyowasemesha vibarua. "Nyanyuka," aliuambia. "Nimesema nyanyuka." Na mguu, kwa shida, ulikuwa ukinyanyuka.

Alikuwa na haraka yake. Binti yake Lugano, ambaye alimlea peke yake tangu mkewe alipofariki, alikuwa anaolewa Jumamosi, na mzee aliapa kumwingiza kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Kanisa lile lina ngazi mlangoni. Kwa hiyo Bwana Kandonga alipanga kwamba Ijumaa wajaribu ngazi; mzee akizipanda vizuri, ataombewa ruhusa ya kwenda harusini. Baada ya kupanga hivyo, alfajiri ya Ijumaa akashuka kwenda kuhudumia wagonjwa wa zahanati za kandokando ya ziwa.

Asubuhi hiyo Tusekile alimkuta mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa suruali ya suti na viatu vya harusi. Lugano alikuwa kando yake, ameshika koti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Twende kwenye ngazi zako."

"Mguu umeamkaje?"

"Umeamka salama. Lete hiyo fremu nitembelee."

Jibu lilikuja upesi mno. Tusekile akatazama chini. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa vizuri; cha mguu uliopasuliwa kilikuwa kimelegezwa kamba hadi mwisho, na hata hivyo kilikuwa kimebana. Akachuchumaa.

"Naomba nikivue hiki kwanza, baba."

"Cha nini? Nimehangaika nacho tangu alfajiri."

"Naomba tu."

Akakivua, akakunja suruali. Shavu la mguu ule lilikuwa limejaa kuliko la mwenzake, ngozi imekaza na kung'aa. Akaweka kiganja huku, akakihamishia kule. Ule uliopasuliwa ulikuwa na joto kuliko mwenzake. Alipobonyeza taratibu, vidole vya mzee viliikamata shuka.

Tusekile alibaki amechuchumaa. Uvimbe baada ya upasuaji alikuwa ameuona kwa wengi. Mara nyingi mtu akiketi sana miguu ikining'inia, huvimba, na akiinua hupungua. Huenda ulikuwa huo tu, na kama ulikuwa huo, angekuwa amemnyima mzee siku aliyoililia, bure kabisa. Lakini huenda ilikuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na damu ya namna hiyo ikiondoka ikaenda mapafuni, mtu huweza kukata roho pale pale. Kwa kiganja hakuweza kujua ni lipi. Kuutaja ugonjwa haikuwa kazi yake. Jambo moja tu lilikuwa mikononi mwake: kuutuma mguu huu kwenye ngazi asubuhi hii, au kutoutuma.

"Leo hatusimami, baba," akasema.

Lugano akaliweka koti kitandani. "Dada, Bwana Kandonga si alisema apande leo? Nilikuwapo akisema."

"Alisema. Ila mguu aliouona jana haukuwa hivi."

"Ngazi zenyewe chache. Wewe umshike huku, mimi huku."

"Hata moja, Lugano. Nisamehe."

"Mguu ni wangu," mzee akasema kwa ile sauti ya shambani. "Nami nakwambia hauumi."

"Wewe nimekusikia, baba. Nao nimeusikia."

Akamlaza, akamwomba muuguzi asimruhusu kushuka, akatoka kibarazani kumpigia simu Bwana Kandonga. Upepo wa ziwani ulikuwa ukiyakata maneno. Kandonga aliuliza kama amelinganisha miguu yote miwili, kama kuna joto, kama mzee anapumua vizuri. Tusekile akajibu. Kisha akasubiri, maana bado hakuwa na hakika, na sehemu fulani ya moyo wake ilitaka kuambiwa kwamba ameogopa bure.

"Hata mimi nisingemsimamisha," Kandonga akasema. "Nilipanga kwa mguu wa jana. Mtafute daktari sasa hivi, usiningoje."

Daktari alikuwa ndiyo kwanza anatoka chumba cha upasuaji. Akaja, akapima, akaagiza altrasaundi. Damu ilikuwa imeganda kuanzia nyuma ya goti na kupanda pajani. Mzee akaanzishiwa dawa, na kutoka hospitali kukawa hakuna.

Jumamosi, kengele za kanisa zilisikika hadi wodini. Mzee Mwakatundu aligeukia ukutani. Aliyemwingiza Lugano alikuwa baba yake mdogo. Baada ya ibada bibi harusi alipita kumwona babake, na alipokutana na Tusekile mlangoni, alimpita bila salamu. Tusekile alijua ametenda sawa, lakini kujua huko hakukumpunguzia chochote. Mchana kutwa alikwepa kitanda kile.

Dawa zikafanya kazi yake. Uvimbe ukapungua, na daktari akaruhusu mazoezi yaanze tena. Ndipo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Yule mnyapara aliyekuwa akiuamrisha mguu wake, sasa aliuogopa.

"Una kitu ndani," alisema kila alipofuatwa. "Niacheni nilale."

Akalala. Mapaja yakaanza kusinyaa, na chakula akawa anakirudisha bila kukigusa. Bwana Kandonga alimsihi, akashindwa. Akamwambia Tusekile ajaribu kwa njia yake, maana mgonjwa huyu yeye anamfahamu zaidi.

Tusekile hakumsihi. Aliketi kando ya kitanda, akaifunua miguu yote miwili, akauchukua mkono wa mzee na kuuweka kwenye shavu la mguu wake.

"Linganisha mwenyewe, baba."

Mzee akapapasa huku, akapapasa kule. Alichukua muda mrefu.

"Sawa kwa sawa," akasema.

"Joto?"

"Hamna."

"Nikibonyeza hapa?"

Mzee alikaza uso akingoja maumivu. Hayakuja. "Hapaumi."

"Basi unasemaje?"

Akautazama mguu kana kwamba ni mtu aliyegombana naye. "Unakubali," akasema. "Mwoga ni mimi."

Wakaanza upya, kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi uani. Siku ya kujaribu ngazi za nyuma ya wodi, Kandonga alisimama juu, Tusekile akamshika mzee kiunoni. Wakati huo huo Lugano akatokea na kikapu cha chakula. Akasimama, akatazama.

"Dada," akasema, "siku ile nilikuomba ngazi tu, ukanikatalia. Leo unampandisha mwenyewe. Nieleze kilichobadilika."

Tusekile alifungua kinywa, lakini mzee akamtangulia. Alikuwa ameshika chuma cha ngazi, anahema.

"Usimlaumu, mwanangu. Mguu huulizwa kabla ya kutumwa. Siku ile mimi niliutuma tu. Yeye akauuliza, ukakataa. Baadaye ulikuwa tayari nami sikuutuma, kwa sababu sikuuliza. Leo umeulizwa, umekubali."

Akaunyanyua, akaukanyagisha kwenye ngazi ya kwanza. Lugano akatua kikapu chini, akaja upande wa pili wa baba yake.

"Nimshike wapi?" akamwuliza Tusekile.

Maneno ya mzee yalianzia kwa wauguzi, yakaenda kwa wanafunzi wa Bwana Kandonga, yakashuka mashambani kwa vibarua. Siku hizi hata anayetaka kumtwisha mwenzake kazi ya jana bila kumtazama leo yukoje, huambiwa hivyo.

Mvua ilikuwa imekatika. Kijana mmoja akauliza, sasa winga atacheza au hatacheza?

"Mimi sijui," Mzee Mwalupindi akasema. "Wala kocha hajui. Wala winga mwenyewe."

Winga akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu. Hakuna aliyecheka tena, kwa kuwa wote walikuwa wamekwisha kuelewa: mguu huulizwa kabla ya kutumwa.