Pimbi Aliyeomba Kuangushwa

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wakati nyati alipokuwa bado akifunga mkanda kiunoni na pimbi akivua makubadhi mlangoni, palikuwa na chuo cha mieleka chini ya majabali. Mwenye chuo alikuwa Mwalimu Heroe, yule ndege wa miguu mirefu asiyejua kupaza sauti. Chuo chenyewe hakikuwa na makuu: jamvi moja kubwa, mtungi wa maji kwenye pembe, na kigogo cha kukalia wageni.

Mwalimu Heroe alikuwa na utaratibu wake kwa wanafunzi wapya. Siku ya kwanza aliwakata kucha, maana kucha ndefu humchana mwenzako hata usipokusudia. Kisha kwa mwezi mzima hakuwafundisha kumwangusha mtu yeyote. Aliwafundisha kuanguka. Kidevu kifuani. Toa pumzi unaposhuka. Piga jamvi kwa kiganja mara moja, kupunguza kishindo. Usiunyooshe mkono kuizuia ardhi, kwani ardhi haizuiliki, mkono ndio utakaovunjika. Viringika kama chungwa lililodondoka kapuni, halafu simama.

Wapya walinung'unika. Wao walikuja kujifunza kupiga, si kugaragara. Mwalimu Heroe aliwajibu taratibu kwamba asiyejua kuanguka huogopa kuangushwa, na mwenye hofu hafundishiki.

Tena alikuwa na sheria moja iliyopita zote. Mtu akikabwa au akikunjwa kiungo na kuona yamemfika, agonge jamvi mara mbili, pa, pa. Mwenziwe amwachie papo hapo. Haulizwi kwa nini, wala hachekwi.

Basi msimu ukafika wa Mwalimu Heroe kwenda ziwa la magadi kulea vifaranga vyake. Akamwachia chuo mwanafunzi wake mkongwe kuliko wote, Nyati, mwenye mkanda mweusi na shingo nene kama gogo la mvule.

Mwalimu hakufika hata ng'ambo ya kilima, Nyati akaanza kupanga mambo upya. Mwezi wa kuanguka aliufuta. Alisema kuanguka hata mtoto anayeanza kutambaa anakujua. Tangu hapo wanafunzi wapya wakawa magunia ya wakubwa: mkubwa akitaka kujinyoosha, anamwita mpya na kumbwaga. Na ile sheria ya kugonga ikabaki kwa wenye mikanda ya rangi peke yao. Mpya akigonga asiachiwe, bali akazwe zaidi kidogo. Nyati aliuita mtindo huo kukomazwa.

Mniwie radhi, hapa lazima nisimame. Nimewahi kuwasikia wengi wakiutetea utaratibu kama huu, eti na sisi tulipitia hayo hayo. Sawa, mlipitia. Na mliumia. Sasa hoja ya kumuumiza mwingine iko wapi hapo? Haya, tuendelee.

Pimbi alikuwa mdogo kuliko wote chuoni. Alibahatika kuumaliza mwezi wake wa kuanguka kabla Mwalimu hajaondoka, lakini mbinu ya kumwangusha mtu hakuwa ameipata hata moja. Nyati alipomwona akampa ufagio. Fisi, aliyekuwa akimfuata Nyati kila aendako, akauliza haka kangepigana na nani, labda kiroboto? Wakubwa wakacheka. Pimbi akafagia, na huku anafagia akawa anatazama.

Ndipo akaja Bi Digidigi. Huyu hakuwa kijana. Alikuwa mama wa watoto wawili, mpole, mwenye miguu myembamba kama njiti za ufagio. Siku ya tatu Nyati akamshika mkono, akaukunja nyuma. Bi Digidigi akagonga, pa, pa. Nyati akaendelea kukunja. Akagonga tena. Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. Mara bega likalia, ko, na mkono wa Bi Digidigi ukalegea.

Nyati akamwachia, akajipangusa mikono, akatangaza kwamba Ijumaa ni siku ya kupimwa. Kila mpya angebwagwa na yeye mwenyewe mbele ya chuo kizima. Asiyetokea asionekane tena kwenye jamvi lile.

Pimbi ndiye aliyempeleka Bi Digidigi kwake. Alimchemshia maji, akamkanda bega, akalifunga kwa kipande cha kanga. Akamsihi asiende Ijumaa, kwani bega lile likiguswa tena lingekuwa la kuning'inia maisha yake yote.

"Nitakwenda," akasema Bi Digidigi.

"Dada, kwani chuo hiki kina nini?"

Bi Digidigi akamwonyesha njia iliyopita mbele ya mlango wake. Mbwa mwitu hupita pale. Masika yaliyopita walimsukuma akaanguka, na alikawia kuinuka. Alinusurika kwa sababu walikuwa wameshiba.

"Wanangu walikuwa wananitazama nikiwa chini," akasema. "Sitaki walione jambo lile tena. Pengine pa kujifunza sipajui."

Pimbi akaaga. Akaondoka, akakaa juu ya jiwe lake, akafikiri mpaka jiwe likapoa.

Kesho yake alasiri akaenda nyumbani kwa Nyati. Akamkuta anakula ugali wa mtama kwa mlenda, na Fisi yupo pembeni anasubiri ukoko. Pimbi akabisha hodi, akaingia, akakaa chini kabisa, mgongo umejikunja kwa adabu.

Akasema amekuja na ombi. Angependa Ijumaa abwagwe yeye kwa niaba ya wapya wote, Bi Digidigi akiwamo, maana ni aibu mtu mwenye hadhi ya Kaka Nyati kuhangaika na mmoja mmoja.

"Nikubwage mara ngapi?" Nyati akauliza, tonge liko mkononi.

"Mpaka mmoja wetu ashindwe kuinuka, kaka. Au agonge."

Fisi akapaliwa na ukoko. Nyati akamkumbusha Pimbi kwamba kugonga kwa mpya hakutambuliwi.

"Kwangu usikutambue," akasema Pimbi. "Nikishindwa, mimi na Bi Digidigi tutaondoka na hutatuona tena. Ila ikitokea ukashindwa wewe, basi mwezi wa kuanguka urudi, na kila anayegonga aachiwe. Najua haitatokea. Nasema tu ili maneno yawe na pande mbili."

Nyati akacheka, akakubali mbele ya Fisi. Pimbi akashukuru, akafika mlangoni, akageuka kama aliyesahau jambo.

"Watu watakuwa wengi, kaka. Ingependeza uvae lile joho la sherehe, la turubai lenye sufi ndani. Na kila unaponibwaga utoe ule ukelele wako mkubwa. Wapya hawajawahi kuusikia vizuri."

"Watausikia," akasema Nyati, na akajinyoosha shingo.

Ijumaa jua lilichomoza kali. Wanyama wakajaa kuzunguka jamvi. Bi Digidigi alikaa kwenye kigogo na bega lake limefungwa. Nyati akaingia na joho lake, limemvimba kama godoro, kola zimesimama hadi mashavuni. Pimbi alikuwa na kipande cha nguo na mkanda mweupe, basi.

Wakainamiana, kama ilivyo desturi.

"Haaa!" Nyati akamnyanyua Pimbi, akambwaga. Pu! Kidevu kifuani, pumzi nje, mkono ukapiga jamvi, pa, Pimbi akaviringika na kusimama. Akainama.

"Haaa!" Pu! Pimbi akaviringika, akasimama, akainama.

Mara kumi. Mara ishirini. Wakubwa walikuwa wanashangilia kila mbwago. Baada ya mara ya arobaini wakaanza kutazamana, maana Pimbi alikuwa anaamka kama mtu aliyejilaza kidogo baada ya chakula. Mtu akiuliza hapo nani anampiga nani, jibu lilionekana wazi. Lakini nani anamchosha nani, hilo lilihitaji macho zaidi.

Jua likapanda. Turubai likashika moto. Sufi ikanywa jasho ikawa nzito kama mchanga uliolowa. Ukelele wa Nyati nao ulikuwa unapungua herufi: kwanza haaa, kisha haa, mwisho ikawa pumzi tu inayotoka kwenye pua.

Pimbi akaomba ruhusa. Akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akamletea Nyati kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Kaka, naona umechoka. Kunywa kwanza."

Koo la Nyati lilikuwa limekauka kama gome. Akayatazama maji yale, akawatazama watu, akasema mwenye mkanda mweusi hanywi maji kwa sababu ya pimbi. Pimbi akasema basi yasipotee bure, akayanywa yeye. Yote.

Fisi alijaribu kumnong'oneza bosi wake kwamba atangaze mapumziko ya chakula. Nyati akamsukuma kando.

Wakaendelea. Haa. Pu. Pa. Wapya waliokuwa wamejikunyata nyuma wakaanza kusogea mbele. Mmoja akaanza kumwiga Pimbi pale pale alipo, kidevu kifuani. Mwingine akamfuata.

Mara ya mia na kitu, Nyati akamnyanyua Pimbi na kuzungusha kiuno, lakini miguu haikuwa na habari tena. Pindo la joho likampita chini ya kwato. Akayumba. Na hapo, wadogo zangu, akafanya kosa la kila aliyedharau somo la kuanguka: akaunyoosha mguu wa mbele kuizuia ardhi.

Puuu!

Vumbi likapanda. Mguu ukateguka, mgongo ukafuata, pumzi yote ikamtoka kwa mpigo. Pimbi alikuwa ameshaviringika kando. Akarudi, akampanda kifuani, akazishika kola mbili za lile joho, akazipishanisha kama makasi, akavuta. Ilikuwa kabali ya kwanza maishani mwake. Aliiona alipokuwa anafagia.

Nyati akajaribu kuinuka. Kila alipoinua kichwa, turubai lilikaza. Macho yakamtoka. Kwato lake kubwa likanyanyuka, likashuka juu ya jamvi.

Pa, pa.

Wapya walisimama wote. Mmoja akapaza sauti kwamba asimwachie, akaze zaidi kidogo na yeye akomae. Wengine wakaitikia. Walikuwa na haki ya kuwa na hasira, nasema kweli, hata mimi ningekuwapo sijui ningepiga kelele za upande gani. Bi Digidigi peke yake alibaki ameketi kwenye kigogo. Alikuwa ameshika bega lake, anamtazama Pimbi.

Na Nyati alikuwa amefumba macho. Alikuwa anangoja, kwa sababu alijua yeye angefanya nini.

Lakini mikono ya Pimbi ilikuwa imeshafunguka. Ilifunguka kwenye ile pa ya pili, kabla ya kelele, kabla mtu hajasema lolote. Akashuka kifuani, akakaa kwenye jamvi, naye anahema.

Nyati akakohoa sana. Alipoweza kusema, sauti ilikuwa ndogo.

"Mbona umeniachia?"

"Umegonga, kaka."

Nyati akajiinua kwa shida. Kisha akauvua mkanda wake mweusi, akaukunja na kuuweka juu ya kigogo, mpaka Mwalimu atakaporudi na kuamua. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alikwenda akichechemea mbele ya Bi Digidigi, akainama, akakaa hivyo hivyo ameinama mpaka yule mama aliposema inatosha.

Jumamosi asubuhi mwezi wa kuanguka ulianza upya. Bega la Bi Digidigi lilichukua majuma sita kupona, na kwa majuma hayo alikaa kwenye kigogo akitazama na kujifunza kwa macho. La saba akapanda jamvini, akaanguka, akasimama haraka kuliko wote. Safu ya nyuma kabisa, kati ya sungura wawili waliokuwa wakijizuia kucheka, Nyati alikuwa anajifunza upya kuviringika, na Pimbi anapita anamwambia kidevu, kaka, kidevu.

Nami nimemaliza, nawaachieni neno moja: ukienda kuanza mieleka, usiulize kwanza utafundishwa kuangusha vipi, uliza kama mtu mdogo akigonga huachiwa.