Mtoto Aliyeitwa Kigae

Hapo zamani, kabla sufuria hazijafika na kutuharibia mapishi, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Watu wa pale walifinyanga vyungu, mitungi na bakuli, wakavichoma, na vilivyopasuka wakavitupa jaani nyuma ya nyumba. Jaa lile lilikuwa refu kuliko mapaa ya nyumba zao, maana udongo hauna huruma, ukiukosea kidogo tu unapasuka.

Katika kijiji hicho aliishi Nyamizi, mke wa Mihayo. Mikono yake ilisifiwa hadi vijiji vya mbali. Lakini nyumba yake ilikuwa kimya.

Alizaa mtoto wa kwanza, wa kiume. Wakampa jina la babu yake, mwindaji aliyeogopwa na simba. Akafa kabla hajaota jino. Alizaa wa pili, wa kiume. Wakampa jina la mvua, maana alikuja na mvua baada ya kiangazi kirefu. Akafa, na mvua yenyewe haijakatika. Alizaa wa tatu, wa kiume tena. Huyu wakampa jina la mtemi, wakachinja, wakacheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwa majirani. Akafa hata ngoma hazijarudishwa zilikoazimwa.

Na watu wa pale, mwanamke akishazaa hawakumwita tena kwa jina lake. Walimwita mama wa fulani. Nyamizi aliitwa mama wa fulani kwa kila mtoto, na kwa kila msiba wakarudi kumwita Nyamizi, kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni. Mimi nasema afadhali wangempiga kofi.

Mimba ya nne ilipokuwa kubwa, Bibi Kalunde, mama yake Mihayo, mwanamke mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alimwita ndani.

"Mkwe wangu, sisi ni wajinga," alisema. "Tunampamba mtoto jina kama tunavyompamba bibi harusi, halafu tunashangaa anapochukuliwa. Kifo kina masikio. Safari hii tukinyime cha kusikia."

"Tufanyeje, mama?"

"Atatupwa. Alfajiri atalazwa jaani, na mwanamke wa kwanza kupita atamwokota, atampa jina la kitu kisichotamaniwa na mtu. Huyo ndiye atakayeitwa mama yake. Wewe utamnyonyesha, utamlaza, utamfunika, lakini ni mnyonyeshaji tu. Yeye atakuita Nyamizi. Nawe usimwite mwanangu. Asimwite hivyo mtu yeyote chini ya jua, mpaka meno ya mbele yang'oke na mapya yaote. Siku hiyo tutalifungua jina lake kwa maji, nawe utamwita upendavyo."

"Na nikiteleza ulimi?"

"Ukiteleza, utanikuta makaburini na jembe."

Nyamizi aliinamisha kichwa, akakubali. Nani asingekubali? Aliyezika watatu hachagui dawa.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Alfajiri Bibi Kalunde akamfunga kitambaa kibovu, akamlaza juu ya vyungu vilivyovunjika, akaondoka bila kugeuka. Nyamizi alikuwa ndani, ameuma khanga, anamsikia akilia.

Wa kwanza kupita alikuwa Wande. Huyu alikuwa ameachwa na mumewe kwa kutozaa, akawa anaishi kwa kukata kuni za tanuri. Alitua mzigo wake, akapanda jaani, vigae vikimkata miguu, akamwinua mtoto. Mgongoni kwa mtoto palikuwa na mkwaruzo wa gae. Wande akaufuta kwa kidole.

"Nimeokota kigae!" alitangaza, kama desturi ilivyotaka. "Huyu anaitwa Kigae!"

Kuanzia siku ile watu wakamwita Wande Mama Kigae. Yeye, ambaye hajawahi kuwa mama wa yeyote, kila alipoitwa alichelewa kuitikia makusudi, ili aitwe tena.

Kigae akakaa, hakufa. Akaota jino, akakaa. Akatambaa, akakaa. Akatembea, akavunja mtungi wa bibi yake, akachapwa, akakaa. Watoto wenzake walimrushia vipande vya vyungu wakimwambia, "Kigae, ndugu zako hao, wasalimie!" Naye alivikusanya akavipanga ukutani, kama kweli ni ndugu.

Nyamizi je? Nyamizi alimpikia, akamwogesha, akamtoa miiba, na mdomo wake akaufunga. Neno lile lilipomjia kwa nguvu, aliingiza kichwa ndani ya mtungi mbichi, akalisema humo chini kabisa, kisha akauchoma mtungi. Kijiji kizima kilikunywa maji ya mitungi ile, wala hakuna aliyejua.

"Nyamizi," mtoto alimuuliza siku moja, amemshika upindo wa nguo, "mimi ni wa nani?"

"Wewe ni wa jaani."

"Na aliyenitupa ni nani?"

Nyamizi akaendelea kukanda udongo. Mtoto akasubiri, akachoka, akaenda zake kwa Wande.

Kwa Wande kulikuwa na kibanda cha nyasi na mlango wa kuegesha. Wande alimwingiza, akaegesha mlango, akasogeza mdomo sikioni mwake. "Mwanangu," akasema, "umekula?"

Ndiyo, Wande alilisema neno lile. Alijua amri, akaivunja. Kila mtoto alipokwenda, mlango uliegeshwa, na neno likasemwa. "Mwanangu, umeanguka wapi?" "Mwanangu, kesho uje." Na akamwonya, "Neno hili ni la humu ndani tu. Ukilitoa nje, watatutenganisha." Mtoto akalitunza, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutunza.

Sasa, Mihayo. Baba mtu alikuwa msafiri wa kupeleka vyungu masokoni, mtu mpole, mwepesi wa kufurahi. Siku moja alirudi safari ndefu, akamwona mtoto amerefuka, anamkimbilia. Akajisahau. Akamnyanyua juu mbele za watu akapaza sauti, "Mwanangu!"

Watu wakashika vinywa. Na jua halijazama vizuri, Kigae akashikwa na homa.

Ilikuwa homa mbaya. Mtoto alitetemeka, akaweweseka, macho yakageuka meupe. Akanyoosha mkono. "Nyamizi, nishike. Nyamizi, hata kidogo."

Nyamizi alisogea. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuhisi joto la mwili wake, na neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akawaona wale watatu walivyolala kimya mikononi mwake. Akageuza uso ukutani.

"Apelekwe jaani tena!" Bibi Kalunde akaamuru. "Kifo kimemsikia baba yake. Atupwe upya!"

Wakamlaza tena juu ya vigae, homa na yote. Wande akaja mbio, akamwokota tena, lakini safari hii hakushuka naye. Aliketi palepale jaani mchana kutwa, mtoto mapajani, akimfunika kwa kivuli cha mwili wake, mpaka homa ikashuka. Tangu hapo Mihayo hakuthubutu kumsemesha mtoto wake hata salamu.

Miaka ikaenda. Meno ya mbele yakang'oka. Mapya yakachungulia. Bibi Kalunde akamfunua mdomo, akayagusa kwa kidole, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona anacheka.

Wakakusanyika uwanja wa tanuri. Nyamizi alikuwa amefinyanga bakuli jipya kwa siku hiyo. Alikuwa pia na jina. Alikuwa amelichagua zamani, mtoto akiwa bado tumboni, akalificha asimwambie hata mumewe. Mtoto atamletea maji, yeye atakunywa, atamwita mwanangu mbele ya watu wote, kisha atampa jina hilo. Ndiyo aliyoyangoja. Asubuhi ile alijifunga khanga, akaifungua, akaifunga tena, mwisho akafungwa na jirani.

Bibi Kalunde akajaza bakuli maji, akampa mtoto. "Leo wewe si kigae tena. Mpelekee mama yako maji anywe."

Mtoto akalishika kwa mikono miwili, akatembea taratibu yasimwagike. Akampita Nyamizi. Akaenda mpaka nyuma ya watu, kwenye mzigo wa kuni, alikokaa Wande.

"Siye huyo!" Bibi Kalunde akafoka, akamrudisha katikati ya uwanja. "Mama yako ni Nyamizi! Alikuzaa!"

Mtoto akamtazama Nyamizi kama mtu anayeambiwa kwamba jiwe la mlangoni lilikuwa linamwona siku zote.

Wande akasimama. "Nisameheni, lakini nitasema," alisema. "Nilimwokota mara mbili. Jina alilokua nalo nilimpa mimi. Na nilimwita mwanangu kila siku ya Mungu, mlango umeegeshwa. Hakufa! Mtoto hawezi kuishi bila neno hilo. Mlimpa chakula, mimi nilimpa hilo."

Watu wakaguna. Bibi Kalunde akapiga mkongojo chini. "Hakufa kwa sababu ni wewe uliyesema! Kifo kinajua tumbo lako halikuzaa, kikakupuuza. Baba yake alisema mara moja tu, mkaona yaliyompata. Asingekuwepo hapa kubishaniwa bila akili yangu mimi. Nilikubali kuchukiwa na mjukuu wangu ili awe hai. Kama ni maji, hata mimi nina kiu!"

Nyamizi akainuka mwisho. Hakuwa mtu wa maneno.

"Nilikuwa na neno moja la kumpa," alisema, "nikalimeza ili aishi. Alipougua akaniomba nimshike, nikageuka ukutani. Kama neno lile lingemwua, basi nilimwokoa. Lakini kama halina sumu, kama Wande alilisema kila siku na halikumdhuru, basi nilimnyima bure. Niambieni ninyi. Nilimnyima bure?"

Mihayo alikuwa anatazama miguu yake.

"Mwite!" mtu mmoja akapaza sauti. "Amri imekwisha, mwite tuone!" Na wengine wakadakia, "Mwite! Mwite!"

Nyamizi akafungua mdomo. Sauti ilitoka kavu, ya neno ambalo halijawahi kupita pale ila kwenda ndani ya udongo.

"Mwanangu!"

Mtoto alishtuka, uso ukamng'aa, akageuka mbio, na maji yakamruka mikononi. Akageukia kwa Wande. Neno lile alilizoea kwenye kinywa kimoja tu; la Mihayo alilisikia mara moja, likaja na homa.

Lakini kinywa cha Wande kilikuwa kimefungwa. Mtoto akakitazama. Kisha akaanza kuangaza macho polepole kwa watu wale wote, akitafuta ni nani aliyemwita. Nyamizi aliliona hilo. Jina alilomtunzia likarudi lilikotoka, na ndiyo maana hata mimi siwezi kuwatajia, kwa kuwa hakuna aliyelisikia mpaka leo.

Mimi nimewafikisha hapo, na mbele sijui njia. Mtoto bado amesimama katikati ya uwanja, maji yamebaki nusu bakuli, na kila mtu anamtazama. Yupo bibi aliyemtupa ili asife. Yupo aliyemwokota na kuivunja amri. Yupo aliyemzaa, akaitii amri mpaka mtoto akawa hamjui. Ninyi mliokaa mkinisikiliza tangu mwanzo, semeni: maji yale anywe nani?