Mwenyekiti Hilali na Mstari wa Baiskeli

Palikuwa na tajiri mmoja wa matairi, Hilali bin Mussa, mwenyekiti wa mtaa wa Bustani Mpya, kule mji unapoishia na mashamba hayajaanza. Tajiri huyu alikuwa na magari matatu na miguu miwili, na ile miguu alikuwa keshaisahau. Akitaka chumvi duka la ng'ambo ya barabara, huwasha gari. Akitaka kurudi, hutafuta pa kuligeuzia. Na mtaa mzima ukamwiga! Majirani wa Bustani Mpya walifikia kusalimiana kwa taa.

Basi watu wa manispaa wakaja, wakachora mstari mweupe kandokando ya lami. Huku magari, huku baiskeli. Rangi haijakauka vizuri, magari ya Hilali yakawa yamelala juu yake. Ndani kwake hapakuwa na nafasi, kwani alikuwa amechimba bwawa la samaki. Halafu, bila haya, akatoa amri: mstari ufutwe, na baiskeli yoyote itakayoonekana kwenye lami ikamatwe.

Ya kwanza kukamatwa ilikuwa ya Bi Mize binti Shomari, mjane, muuza mikate ya mofa, ambaye kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba, kapu nyuma, ulimi mbele. Siku hiyo aliyakuta magari yamelala mstarini, akaingia kwenye lami ayazunguke. Honi ikamlilia kisogoni. Kufumba na kufumbua, baiskeli yake iko nyuma ya geti la mwenyekiti.

Kesho yake akatembea. Mikate ikafika imepoa, wateja wameshakwenda kazini, kapu likarudi zito kama lilivyotoka. Bi Mize alilia, msidhani hakulia. Baiskeli ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake. Alipomaliza kulia akajifunga kibwebwe, akasema, "Jumapili kuna mkutano."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Bi Mize alikwenda kwa miguu, akakaa mbele. Wengine wote walikuja na magari, hata mwalimu mkuu, ambaye ukuta wake na wa shule ni mmoja. Wakagombania pa kuegesha mpaka wakatukanana. Mkutano ukachelewa kwa sababu ya foleni, na ulipoanza, ajenda ya kwanza ikawa hii: baiskeli zinaleta msongamano.

Bi Mize akasimama. "Salaam aleikum, Bwana Mwenyekiti. Nimefuata baiskeli yangu."

"Aleikum salaam. Ya nini tena? Nunua gari."

"Nikinunua nitaliweka wapi? Mstarini umeshajaza ya kwako."

Watu wakacheka. Hilali hakucheka.

"Bi Mize, barabara ni ya watu wenye haraka."

"Mbona nimefika kabla yako?"

Hilali akafuta jasho, akaona amwendee kwa njia nyingine. Akawageukia watu. "Tuache mzaha. Mimi mtu wa asili, adabu sikuiokota. Kule mji wa kale, kwenye vichochoro vya wazee wetu, hamali akipita na gunia mabegani hupiga kelele: Simile! Simile! Watu hufanyaje?"

"Hujibana ukutani!" wakaitika.

"Hata awe nani?"

"Hata kadhi!"

"Naam! Asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Sasa litazameni gari langu lile, tani mbili za chuma. Na honi ndiyo simile yangu. Huyu ana kapu la mikate. Nani ampishe mwenziwe?"

Makofi yakalia. Bi Mize akawaangalia wapiga makofi mmoja mmoja, wote wateja wake, ikamuuma. Naye Hilali kichwa kikamvimba. "Mwenye jibu anijibu! Akiniweza, mbele yenu nyote, baiskeli itoke na magari yangu yaondoke mstarini leo hii. Akishindwa, mstari unafutwa."

"Unaapa?" akauliza Bi Mize.

"Wallahi naapa."

"Basi nikuulize kidogo, maana mimi shule yangu tanuri. Lile gari umekuja nalo wewe?"

"Nimekuja nalo."

"Umelibeba begani au kichwani?"

"Una wazimu? Gari linabebwa? Limenibeba mimi."

"Pole. Na humo ndani ulikuwa na nani? Au na mzigo gani?"

"Peke yangu. Sina hata mkoba."

"Umechoka sana njiani?"

"Nichokee nini? Nimekaa kiti cha ngozi, kiyoyozi kinapuliza, mpaka usingizi umenipitia kwenye foleni."

"Na siku ile iliponililia honi kisogoni, liliipiga gari lenyewe?"

"Gari lina mikono? Niliipiga mimi, kwa mkono wangu huu!" Halafu Hilali akashtuka kidogo, akadakia, "Na wewe je? Baiskeli si inakubeba?"

"Ngoja niache kukanyaga pedeli, uone nani atamwokota mwenziwe. Na kile kilima cha msikitini naikokota mimi, yeye na kapu lake." Akawageukia watu. "Jamani, mmemsikia kwa kinywa chake. Aliyebeba ni gari. Aliyekaa juu, hana kazi, hana jasho, anasinzia, ni yeye. Mimi hamali akiniomba njia nampisha mpaka leo, ndivyo nilivyolelewa. Ila nisaidie hapo, Bwana Hilali: tangu lini gunia likapiga simile?"